Mbao za boti yangu: karakana ya Majengo, Moshi

Wenye boti za matanga pale Tanga huniuliza mbao zangu za ndani nimezitoa wapi. Nimezitoa Moshi, kwenye karakana ya kuranda mbao iliyoko Majengo, na kazi yao naipenda kweli.

Boti yangu ni Westerly Centaur ya futi 26, aina iliyoundwa Uingereza kuanzia 1969 hadi 1980. Ubavu wake ni faiba, hauozi. Ina mikuku miwili, yaani mapezi mawili chini ya tumbo lake, hivyo maji yakitoka inakaa wima yenyewe juu ya mchanga na mtu anafanya kazi kwa raha. Kinachooza ni plaiwudi ya ndani: dirisha likivuja, maji yanashuka nyuma ya makabati na kuila taratibu. Nilitaka milango ya makabati, ngazi ya kushukia ndani, fito za kushikia juu ya paa, na kipande kipya cha ukuta wa kati.

Ndani ya boti hakuna pembe mraba, kwa hiyo nilikwenda na maboksi niliyoyakata kwa umbo la kila kipande. Fundi hakukimbilia futikamba. Alilaza boksi juu ya ubao, akaligeuza mpaka nyuzi za mbao zikafuata urefu wa mlango, akachora kwa penseli, ndipo akaniuliza: "Dada, boti yenyewe inakaa wapi?" Nilipomwambia Tanga, akasema milango isibane. Ubao uliokaukia Moshi ukifika pwani hunywa unyevu na kuvimba. Akaacha nafasi ya milimita tatu kila upande. Masika yamepita na milango bado inafunguka kwa kidole.

Kwa milango alinichagulia mninga, maana ni mti usiocheza sana hali ya hewa ikibadilika. Fito za nje ni za mtiki, ambao mafuta yake ya asili huuvumilisha jua na chumvi. Mafuta hayohayo hukataa gundi, na hapo ndipo mafundi wengi huharibu. Huyu alifuta maungio kwa asetoni, inayoondoa mafuta, kabla tu ya kupaka gundi ya epoksi. Sikumwambia, alijua.

Plaiwudi ilikuwa na kisa chake. Duka moja Arusha liliniambia wanayo ya kutumika majini, ambayo gundi yake haiachii ikilowa, lakini nilipoomba kipande cha kujaribu wakakataa. Majengo walinikatia kipande cha ukubwa wa kiganja. Nikakichemsha kwenye sufuria tangu asubuhi hadi mchana, nikakikausha, nikakichemsha tena, kisha nikaingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Hakikuachana hata ukingoni. Muuzaji anayeamini bidhaa yake hakunyimi kipande cha kuchemsha.

Bei zao ziko juu kuliko mbao za barabarani, na ni halali, maana mbao zao zimekauka. Tatizo ni foleni: msimu wa madawati ya shule kazi ndogo kama yangu inawekwa pembeni, na usipopiga simu unasahaulika. Vumbi nalo ni jingi. La mninga linawasha pua na kifua, nendeni na barakoa.

Skrubu msinunue kwao. Wanazo za kupakwa zinki na za shaba ya njano, nzuri kwa kabati la nyumbani. Kwenye chumvi, shaba ya njano hupoteza zinki yake, inabaki nyekundu na laini, na kichwa kinakatika ukigusa na bisibisi. Tafuteni za chuma cha pua cha 316, aina inayovumilia chumvi.

Ombeni risiti ya mashine, na kabla ya kupakia hakikisheni mna hati ya kusafirishia mbao ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Watu wa karakana wenyewe walinielekeza pa kuanzia kuitafuta. Mimi nimeshawaachia boksi lenye umbo la meza ya ramani, waniundie ya mtiki mtupu.