Uzoefu wangu: gemu ya mpira iliyonifungia mlango

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Alhamisi moja, si zamani sana, saa nne ya usiku, niliwasha gemu ya mpira ambayo mimi na kaka yangu tumeicheza karibu kila wiki kwa zaidi ya miaka mitatu, nikakaa kungoja jina lake lijitokeze kwenye orodha ya waliomo mtandaoni. Halikujitokeza. Kilichotokea ni kisanduku cha kijivu katikati ya runinga, chenye maneno machache ya kunijulisha kwamba huduma za mtandaoni za toleo hili zimesitishwa na kwamba kampuni inanishukuru kwa kuwa pamoja nayo. Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe kimoja tu, nacho kilikuwa cha kwenda dukani kununua toleo jipya.

Jina la gemu na la kampuni sitalitaja, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia linafanywa na wengi, na yeyote anayecheza ataitambua tabia hii popote atakapokutana nayo. Wala sitaeleza ubora wa picha au idadi ya timu, mambo ambayo yameandikwa nyuma ya boksi. Nataka kueleza kwa nini gemu hii ilistahili kuchezwa tena na tena, na jinsi wenyewe walioitengeneza walivyolivunja hilo.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat, Oman. Aliondoka Tanga miaka mingi iliyopita, na tangu hapo simu zetu zimekuwa zile za ndugu walio mbali: mama anaendeleaje, ada imelipwa au bado, mvua imeanza kunyesha. Gemu hii ndiyo iliyotukalisha pamoja tena. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa yeye alikuwa huru, na saa nne yangu ilikuwa saa tano yake. Tulivaa vipokea sauti masikioni, tukacheza mechi tatu au nne, na katikati ya mechi hizo ndipo aliponieleza mambo ambayo kwenye simu hakuwahi kuyagusa. Habari ya kuumia kwake mgongo kazini niliipata akiwa anajiandaa kupiga kona. Aliisema polepole, akapiga kona yake, mpira ukatoka nje, na tukaendelea kuzungumza huku wachezaji wote wamesimama uwanjani kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa akigusa pedi.

Ndiyo maana, baada ya kuona kile kisanduku cha kijivu, sikulala. Nilifungua mazungumzo na huduma kwa wateja, nikaeleza kwa adabu kwamba sihitaji ligi yao wala wachezaji wapya, na kwamba ninachoomba ni njia ya kuunganisha kifaa changu na cha kaka yangu moja kwa moja ili tucheze wawili tu. Jibu lilikuja haraka kuliko ambavyo mtu angeweza kusoma nilichoandika: "Mpendwa mchezaji, tunaelewa shauku yako. Tunakushauri ufurahie toleo letu jipya." Nikaandika tena kwamba nilinunua nakala mbili kwa fedha zangu, moja yangu na moja ya kumzawadia kaka. Aliyejibu safari hii, nadhani alikuwa binadamu, aliniambia kwamba kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali mimi sikununua gemu bali nilinunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo hudumu kwa muda ambao kampuni inaona inafaa. Kisha akayafunga mazungumzo nikiwa bado naandika. Kuzimwa kwa seva, zile kompyuta za kampuni zilizokuwa zikituunganisha, kuliniuma, lakini kukatwa kauli namna ile kulinikasirisha zaidi, na hadi leo nikiikumbuka ile "tunaelewa shauku yako" natamani kumshika mtu mkono, nimkalishe kitako na kumuuliza ameelewa nini hasa.

Kwa nini tuliipenda kiasi hicho? Jibu liko sebuleni kwa mjomba wetu, mtaa wa Ngamiani, Tanga. PlayStation 2 ya mjomba ilikuwa na pedi mbili. Moja ilikuwa nzima, na ya pili mpira wa kijiti chake cha kushoto ulikuwa umelika hadi ikabaki plastiki tupu yenye makali, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba aliyefungwa ndiye anayeishika pedi mbovu mechi inayofuata. Kwa miaka kadhaa kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa na sugu. Tulicheza Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, ingawa mtaani kwetu hakuna aliyeiita hivyo. Kila gemu ya mpira ya Konami, kampuni ya Japani, ilikuwa Winning Eleven na basi. Leseni za kutumia majina ya timu nyingi hazikuwamo, hata Liverpool iliitwa Merseyside Red, na ukianza Master League, sehemu ya kuongoza klabu yako msimu hadi msimu, ulikabidhiwa watu wasiojulikana popote duniani: Castolo, Minanda, Ximelez, na golini Ivarov. Ulifungwa nao msimu mzima. Msimu wa pili ulifungwa kwa nafuu kidogo, na siku Castolo alipoupachika wavuni mpira wa dakika za mwisho, tulipiga kelele mpaka shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani ameanguka.

Hatukupewa chochote kwa kucheza. Haikuwepo zawadi ya kuingia wala nyota za kukusanya. Nilirudi kesho yake kwa sababu kaka alikuwa amegundua krosi ya kutoka upande wa kulia ambayo beki wangu hakuiweza, na usiku nilikuwa nimelala mkekani nikifikiria namna ya kuiziba. Nikiiziba, yeye huiacha na kuja na nyingine. Gemu ilikuwa ile ile, uwanja ule ule, na diski ilikuwa imechubuka vibaya, lakini mimi wa jana na kaka wa jana hatukuwa wale wa leo. Misimu yetu yote ilikaa ndani ya memori kadi ya megabaiti 8, kipande cheusi kinachoenea katika mfuko wa shati, na hapakuwa na mtu yeyote Japani mwenye uwezo wa kutufutia.

Wazee wa barazani walilijua hili kabla runinga haijafika pwani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, hupangwa vilevile kila mchezo unapoanza, wala halina dadu. Mtu asiyelijua angedhani litamchosha ndani ya mwezi mmoja. Babu yangu alilicheza na jirani yake yule yule, juu ya ubao ule ule, tangu kabla mama yangu hajazaliwa, kwa sababu kila alasiri alikuwa na swali jipya la kumuuliza mwenzake: leo utalala, au utaitumia nyumba? Yaani utakomea hapo, au utazitoa kete za shimo lako kuu na kuendelea. Mabadiliko yote yalitoka kwa mtu aliyekaa upande wa pili.

Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka, inakwenda njia nyingine. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora, kiasi kwamba vipande vyenyewe vilionyeshwa kwa alama za mabano. Mpinzani hakuna; kuna maumbo saba tu na mfuatano wao usiotabirika, na ukikosea huhitaji kuambiwa na mtu, kwa kuwa unaliona shimo uliloliacha mwenyewe. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma aliifikisha Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 kwenye hatua ya 157, programu ikaganda, jambo ambalo halikuwa limewahi kufikiwa na binadamu katika gemu hiyo. Kijana huyo alikuwa hajazaliwa wakati gemu ile inatoka. Aliweza kwa sababu kaseti yake ilikuwa bado inafunguka, haimwombi mtu ruhusa, na kila aliyeicheza kabla yake alimwachia ujuzi juu ya kitu kile kile kisichohamishwa.

Gemu yetu ya Alhamisi ilikuwa na yote mawili, mpinzani anayejifunza na bahati ya mpira kugonga mwamba, kisha wenyewe wakaipakia mzigo usiohitajika. Mwaka wa kwanza tulicheza mechi. Mwaka wa pili nikajikuta naiwasha hata siku ambazo kaka yuko kazini, ili tu nisiikose zawadi ya siku ya saba, ambayo hutolewa kwa aliyeingia mfululizo. Bando likiisha siku ya sita, nilitoka usiku kutafuta vocha. Zikaja pakiti za wachezaji, zinazofunguka kwa mwanga na vishindo, ndani yake mara nyingi mna beki wa akiba usiyemhitaji, na ukitaka nyingine ulipie. Ubelgiji ilizichunguza pakiti za namna hii katika gemu kadhaa mwaka 2018, na tume yake ya michezo ya kubahatisha ikasema ni kamari. Mimi naongeza kwamba zinaharibu hata kule kurudi kwenyewe. Sebuleni kwa mjomba tulirudi kwa hamu. Hapa nilirudi kwa hofu ya kupoteza, na yeyote aliyewahi kuonja hali zote mbili anazitofautisha kabla hata gemu haijamaliza kuwaka.

Na tabia ya kufunga mlango haikuanzia kwetu. The Crew, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014, ilizimiwa seva Machi 31, 2024, na hata aliyekuwa akiendesha gari lake peke yake bila kumhitaji mtu hakuweza tena kuifungua. Wachezaji wa Ulaya walikasirika wakaanzisha ombi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya, na mwaka 2025 saini zilipita milioni 1. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme waziwazi pale mnunuzi anapopewa leseni tu. Mimi niko Dar es Salaam, sheria hiyo hainifikii, lakini nilipoisoma nilijisikia kwamba kuna mtu amenisikiliza. Laiti mstari huo ungekuwa umeandikwa juu ya kitufe cha kulipia siku ile niliponunua nakala mbili, angalau ningejua kwamba naikodi nafasi ya kukaa na ndugu yangu, na kwamba mwenye nyumba anaweza kuja na kufuli muda wowote.

Kwa hiyo hukumu yangu ni nyota moja, na ushauri wangu ni kwamba usiinunue, wala toleo lake jipya.

Hata hivyo nikiishia hapo nitakuwa sijasema kweli yote. Iko mechi moja ya mwezi wa Ramadhani, tumemaliza kula daku kila mtu kwake, ambayo niliongoza mabao matatu kwa bila hadi mapumziko. Kipindi cha pili kaka alinyamaza kabisa, nikawa nasikia pumzi zake tu. Akafunga la kwanza. Akafunga la pili. Dakika ya 89 winga wake alikwenda upande wa kulia, na kabla hajaupiga mpira nilishajua, mwili mzima ulijua, kwamba inakuja ile krosi ya Ngamiani, na bado sikuiziba. Tatu kwa tatu. "Mdogo wangu," akasema, "huo upande utaufunga lini?" Tulicheka mpaka kwake adhana ya alfajiri ikasikika kwenye kipaza sauti. Kwa ajili ya usiku ule peke yake, fedha nilizotoa zilikuwa ndogo, na mtu ambaye ana ndugu ughaibuni angeniuliza nimshauri, ingenibidi nimwambie ajaribu, mradi ahakikishe kwanza kwamba inaweza kuchezwa na watu wawili bila kupitia kwa kampuni. Nyota nne, basi. Na papo hapo, nikishaandika nne, naikumbuka ile sauti isiyo na uso inayosema inaelewa shauku yangu, naona kwamba uzuri wote wa usiku ule tuliuleta sisi, mimi na kaka, na wao waliokuwa wameshika swichi tu ndio walioizima. Nimezirudisha zikawa mbili, na sitazigusa tena.

Toleo jipya hatujalinunua. Kaka atapata likizo karibuni na atapitia Tanga, nami nimeomba ruhusa kazini ili nimkute huko. Nilimpigia simu mjomba kumuuliza kama ile PlayStation 2 iko wapi siku hizi. Akasema iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na kwamba binamu zetu wadogo waliiwasha wiki iliyopita. Nikamuuliza memori kadi. Akaenda kuangalia, nikisikia kiti kinaburutwa sakafuni, akarudi akasema ipo, imesoma, Master League yetu iko msimu wa nne. Nikamuuliza na pedi je.

"Zote mbili," akasema. "Ile mbovu nimekuwekea wewe."