LS3/5A au NS-10: Spika ipi inafaa sebule ya Moshi?
Zote ni ndogo, makasha yake yamezibwa, na besi nzito hazina. Baada ya hapo zinaachana.

LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa matumizi kama magari ya matangazo, ina sauti ya kati tamu mno. Piga muziki wa dansi wa zamani: mwimbaji anasimama mbele yako. Ila inadai amplifaya yenye nguvu. Ufanisi wake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, ni takriban desibeli 83, NS-10 ni 90, hivyo kwa sauti ileile inahitaji wati mara tano. Kagua felti (kitambaa kizito cha sufu) inayozunguka twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba; ikiliwa na wadudu, ulaini unapotea. Iweke kwenye stendi, mbali na ukuta.

NS-10 ya Yamaha ilitoka 1978, koni yake ni karatasi nyeupe. Inatia mkazo sauti za kati zinazoelekea juu, na twita yake ilionekana kali, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa studio walibandika tishu mbele yake. Kwa kuchanganya muziki studio ni chombo halisi. Kwa kusikiliza jioni, mimi nachagua LS3/5A bila kusita. Vigae na kuta tupu za saruji huzidisha ukali wa NS-10, basi tandika zulia na pazia nzito kwanza, kisha isogeze karibu na ukuta ili besi ijae.