Altrasaundi ya figo kwa mtoto: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka minne, na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ilikuwa ikimrudia kila baada ya kumaliza dozi. Daktari akaagiza altrasaundi ya figo na kibofu.

Kipimo chenyewe nakipa alama zote. Hakuna sindano wala mionzi kama ya eksirei, ni mawimbi ya sauti tu, kwa hiyo hata kikirudiwa sina wasiwasi. Mtoto alilalamikia jeli ya baridi tumboni, basi.

Shughuli iko kwenye kibofu, ambacho sharti kiwe kimejaa. Sisi hatukuambiwa mapema tumnyweshe maji, tukakaa benchi tukisubiri mkojo. Ulizeni kabla ya kwenda. Mtaalamu alipima urefu wa kila figo, akatazama kama kuna mawe au mkojo uliotuama na kuitanua figo, kisha akamtuma mtoto akakojoe na kumpima upya. Hapo ndipo kipimo kilipolipa. Mkojo uliobaki ulikuwa mwingi, na nyuma ya kibofu utumbo ulionekana umejaa choo. Mimi choo kigumu nilikuwa nakihesabu kama shida ya tumbo tu! Kumbe utumbo ukijaa unakisukuma kibofu, hakimalizi kutoa mkojo, na bakteria wanapata pa kuzaliana. Tena binti yangu huyu ana tabia ya kubana mkojo akiwa kwenye michezo.

Nyota moja naiondoa kwenye majibu. Karatasi iliandikwa figo ni za kawaida, na aliyetukabidhi akatupongeza kana kwamba yameisha. Daktari wa watoto ndiye aliyetueleza kwamba picha hii huonyesha umbo, haisemi figo inachuja vizuri kiasi gani, na makovu madogo yanaweza yasionekane. Mkojo unaopanda kutoka kibofuni kurudi kwenye figo nao unaweza usionekane kabisa kwenye picha hii. Kuutafuta kwa kawaida kunahitaji eksirei maalumu, dawa ikiingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba. Kwa binti yangu ameona tusiikimbilie kwa sasa. Na kama kuna maambukizi au hakuna, hilo bado linajibiwa na mkojo kuoteshwa maabara, kuona kama bakteria wanakua.

Kwa sasa yuko kwenye dawa ya kulainisha choo, na tunampeleka msalani kwa saa maalumu hata akisema hana haja. Anasema hana haja kila mara.