Siku tatu kwenye nyumba ya magogo Lushoto, nimekagua mpaka uvunguni

Wadau wa nyumba za mbao, nimetoka Lushoto juzi na nina mengi ya kusema. Nilienda na mama yangu mzazi tukalala siku tatu kwenye nyumba ya magogo, iko juu kidogo ya mji ukielekea msitu wa Magamba. Jina lake sitalitaja maana kuna vitu viwili sikuvipenda kabisa nitavisema huko mbele, na mwenye nyumba ni mama mmoja aliyetupokea vizuri sana. Bei laki moja kwa usiku, nyumba nzima, vyumba viwili na sebule yenye sehemu ya kuotea moto, chai ya asubuhi imo humohumo.

Sababu ya kwenda ni kwamba nina kiwanja changu milimani na nataka kujenga kwa mbao, sasa kila ninayemwambia ananijibu mbao ni kibanda, mbao itaoza, mchwa watakula, ongeza hela upandishe tofali. Nikasema basi nitafute nyumba ya mbao yenye umri wake nikalale ndani nione mwenyewe, na hii ina miaka 19.

Safari siielezi sana, wengi mnaijua, Mombo unaliacha joto, unapanda zile kona kupitia Soni, ukifika Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari na Julai hii ukitoa pumzi unaiona. Mama yangu ana magoti yanayomsumbua kwenye baridi, na nilikuwa na hofu naye kwakweli. Tulikoka moto saa moja jioni, saa nne ukawa umebaki makaa, na alfajiri saa kumi na moja nikaamka kumuangalia nikakuta kalitupa blanketi la pili pembeni. Nikaweka kiganja ukutani, gogo halina ule ubaridi. Mwaka jana tulilala kwa ndugu zetu hukohuko milimani kwenye nyumba ya tofali za saruji, ukuta ule ukiugusa usiku ni kama umeshika jiwe la mtoni, na mama aliamka hawezi kukunja mguu. Mbao inapitisha joto polepole mno ukilinganisha na zege, na gogo la inchi nane kama haya basi joto la jioni unalikuta bado lipo. Asubuhi mama akaniambia, mwanangu, kama utajenga hivi nitakuja kukaa kwako.

Magogo yenyewe ni saipras, yamemenywa maganda na kupitishwa randa kidogo tu, kwenye kona yamechongwa yakakaliana gogo juu ya gogo bila msumari hata mmoja. Harufu yake bado ipo baada ya miaka yote hiyo, hasa jua likipiga ukuta mchana. Katikati ya gogo na gogo wamesindilia nyuzi za mkonge, na kwa Tanga ndo penyewe, ukichungulia kwa tochi usiku huoni tundu linalopitisha mwanga.

Siku ya pili mwenye nyumba akaniitia mzee aliyeijenga, bado ana nguvu zake, tukaingia uvunguni wote wawili na tochi. Wadau hapa ndo pa kusoma taratibu. Nyumba haijagusa ardhi mahali popote. Msingi ni wa mawe umepanda futi mbili na nusu, juu ya mawe kuna bati limelazwa kuzunguka nyumba nzima na ukingo wake umekunjwa kutazama chini, ndo gogo la kwanza linakaa juu yake. Nikamuuliza, mzee, bati hili linazuia mchwa? Akaniambia, mwanangu, mchwa humzuii kuja, unamlazimisha apite nje unapomuona. Yaani mchwa anapanda na mfereji wake wa udongo, akifika kwenye bati inabidi auzungushie ule ukingo, na wewe ukipita kila mwezi na tochi unauona unauvunja. Nilitafuta nikakuta mabaki ya mfereji mmoja mkavu, umeishia kwenye bati.

Kule Norway kuna makanisa ya mbao yana zaidi ya miaka 800, lile la Borgund linatajwa sana, na siri yao kubwa ni hiyohiyo. Yaliyotangulia walichimbia nguzo ardhini zikaoza chini, waliofuata wakanyanyua mbao juu ya mawe na kuzipaka lami ya miti, na hayo ndo yamesimama mpaka leo. Na Wanorway haohao ndo walihusika na vile vibanda vya mbao vya njia ya Marangu pale Kilimanjaro, Mandara kwenye mita 2,720 na Horombo 3,720, paa limeshuka kali karibu liguse chini. Nililala Mandara mwaka fulani mvua ikanyesha usiku kucha na ukuta haukupata kazi yoyote, maji yote yalibebwa na paa. Kwahiyo mtu akiniambia mbao haifai mlimani namuuliza, imenyanyuliwa? Ina paa refu?

Kitu kingine mzee alichonionyesha ni juu ya madirisha, kuna nafasi ya kama vidole vitatu imefunikwa kwa kipande cha mbao. Anasema gogo likikauka linapungua unene, urefu haupungui, kwahiyo ukuta wote unashuka polepole miaka ya mwanzo, na fundi asiyejua akikaza fremu mpaka juu basi ukuta unalalia dirisha, kioo kinapasuka au mlango haufunguki tena. Hii nyumba ilishuka inchi mbili na zaidi. Milango yote inafunga laini mpaka leo, nimeijaribu yote.

Sasa yale mabaya. La kwanza ukuta wa kusini mashariki, ndo unaopokea mvua inayotoka baharini, na upande huo waliongeza kibaraza baadaye, wakakata paa, kwahiyo hakuna paa linalotokeza kukinga ukuta. Magogo mawili ya chini yamekuwa meusi, na nilipoweka ncha ya kisu ikaingia kama kwenye mkate. Halafu wameyapaka vanishi ya kung'aa ili yapendeze, vanishi imepasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na hayatoki, ndo yanazidi kuozesha. Nilimwambia mama mwenye nyumba kwa heshima, akasema fundi wa kibaraza alimhakikishia haina shida. Mzee wetu alisimama pale akatikisa kichwa hakusema neno.

La pili ni kubwa zaidi na naomba kila mwenye jiko la kuni alisikie. Kwenye kapu la kuni za sebuleni nilikuta vipande vya mbao za paini zenye ukijani, yaani masalia ya mbao zilizopigwa dawa, za hicho kibaraza. Dawa ile ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwenye kenchi na nguzo inafanya kazi yake sawa, ila ukiichoma moshi wake na majivu yake ni sumu, na hapo sebuleni kuna mtoto wa mtu anaota moto, kuna mwingine anachukua majivu aweke kwenye mboga. Niliyatoa yote kapuni nikamuita binti wa usafi nikamuelewesha, alishtuka, hakuna aliyewahi kumwambia. Akaleta kuni za mkaratusi.

Chakula kizuri, maharage mabichi na viazi vya hukohuko, mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na jibini kutoka shamba la Irente asubuhi, mama alipenda. Maji ya moto yanachelewa, wahi kuagiza.

Mimi ningerudi hata kesho na nimeshamuomba yule mzee namba yake ya simu. Mkienda ombeni chumba cha magharibi, kile cha pembeni ya sehemu ya moto, ukuta wake mkavu kabisa na dirisha linatazama bonde. Kapu la kuni mlikague kabla hamjawasha.