Kalenga mara mbili: safari ya kwanza sikuiona ngome

Mara ya kwanza nilikwenda Kalenga nikarudi Iringa mjini bila kuiona ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nililipia gari la kampuni moja ya kutembeza wageni, mimi na mwanangu wa darasa la sita, na tulipokubaliana bei tuliambiwa tutaona makumbusho na ngome. Tukaingia makumbusho, tukaliona fuvu la Mkwawa, tukapiga picha nje, na kabla ya saa moja kuisha dereva alishawasha gari. Nikamuuliza, na ngome je? Akanijibu, "Dada, ngome haipo. Wajerumani walishaibomoa, pale ni mashamba tu."

Mtoto alinyamaza njia nzima. Mimi nilijua kinachomuuma. Desemba tulikuwa Lindi kwa ndugu za baba yake, tukavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko mpaka Kilwa Kisiwani. Gereza la kule, ndivyo wanavyoiita ngome yao, limesimama palepale ufukweni, kuta nene, mlango wa mbao, maji ya bahari karibu na miguu yako. Alipita ule mlango mara tatu. Tangu siku hiyo akawa anauliza kama na sisi watu wa bara tuna ngome, nami nikamwahidi Kalenga. Sasa nimempeleka, na nimemrudisha na jibu la "mashamba tu".

Julai tukarudi wenyewe, Jumamosi, kwa daladala. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, barabara ile iendayo Hifadhi ya Ruaha. Siku ilikuwa na baridi ya Iringa mnayoijua, vumbi nalo halikukosa. Safari hii nilipolipa kiingilio (cha Mtanzania, pesa ndogo) nikamwambia mwongozaji kabla hatujaingia ndani: kaka, naomba tuanze na ukuta, fuvu baadaye. Akacheka, akasema wengi hawauombi. Tukatoka, na njiani tukamkuta mzee mmoja wa pale kijijini ambaye baada ya "kamwene", salamu ya Kihehe, na habari za nyumbani aliamua kufuatana nasi. Nashukuru sana aliamua hivyo.

Tulitembea kidogo tu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Mzee akamwambia mwanangu, "Mjukuu wangu, simama hapo hapo." Mtoto akasimama. "Basi, umeshapanda juu ya ukuta wa Mkwavinyika." Ndilo jina la Mkwawa kwa kirefu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshauvuka bila kujua. Ni tuta la udongo lililochoka, mahali pengine linafika magotini, pengine halifiki, mawe yametokeza kama meno. Ukiangalia hapo ulipo tu huoni chochote. Mwongozaji akatufundisha kuufuata mstari: tazama yale mawe yanavyopangana, tazama ardhi inavyoinuka hapa na pale mbele, halafu unganisha kwa macho. Baada ya dakika kumi mtoto ndiye aliyekuwa anatuonyesha sisi. "Mama, unapita nyuma ya ile nyumba! Unaendelea!" Na kweli ulikuwa unaendelea.

Nikauliza swali lililokuwa moyoni tangu Kilwa: mbona ya kule imesimama na hii imeyeyuka? Kuta za pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kila kizazi kilichokuja kilijenga juu ya kilichotangulia. Gereza lilianza na Wareno mwaka 1505, likajengwa upya na Waomani, na miaka ya karibuni limekarabatiwa. Ukuta wa Kalenga ulikuwa mawe na udongo, mali ya hapahapa. Ulipoangushwa hakuna aliyeusimamisha tena, na tangu hapo umeoshwa na mvua za Novemba hadi Aprili kwa zaidi ya miaka 125. Nikiwaza hivyo, ajabu ni kwamba kuna kilichobaki.

Tukasogea upande wa Mto Ruaha Mdogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini makao makuu yalikuwa Kalenga na si kwingine. Maji yapo, ardhi ya kulima ipo, na mgeni yeyote anaonekana akiwa mbali. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea milima ya Tosamaganga. Makombora ya mizinga ya Wajerumani, akasema, yalitupwa kutoka kule, na jina lenyewe linatokana na kutupa mawe, kwa kuwa watu waliona kama wanarushiwa mawe. Miaka yote nimepita Tosamaganga nikijua misheni na hospitali, sikuwahi kujiuliza jina. Hata "Iringa" yenyewe inatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Nimeishi miaka kumi na moja ndani ya neno hilo.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndicho nilichorudi nacho. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe walikivamia kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, kikiwa safarini, wakakiteketeza na yeye mwenyewe akauawa. Pale hapakuwa na ukuta wowote. Palikuwa na majani, mawe, mikuki na subira. Miaka mitatu baadaye, 30 Oktoba 1894, Wajerumani wakaja Kalenga kwenye ukuta, na ukuta haukumaliza siku. Mkwawa akatoka, akarudi porini, akapigana karibu miaka minne mingine huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Kwa hiyo hilo tuta unalolikanyaga ni mahali vita vilipobadilika sura. Haya yote yanaandikwa vitabuni, lakini mimi niliyaelewa nikiwa nimesimama juu ya udongo wenyewe, nikiitazama Tosamaganga jinsi ilivyo karibu.

Tuliporudi ndani ya makumbusho, chumba kilekile kilikuwa kingine. Ni kidogo, hakijabadilika: mikuki, ngao, bunduki, na fuvu katika kabati la kioo. Safari ya kwanza mwanangu aliliogopa. Sasa alilisogelea na kuuliza lilifikaje tena hapa. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi ili asikamatwe, kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu. Halikurudi mpaka tarehe 19 Juni 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolikabidhi hapohapo Kalenga. Nje ya jengo kuna makaburi ya ukoo, akiwemo Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mtoto alihesabu kwa vidole: babu alipigana na dola, mjukuu akaketi kiti cha Spika.

Kwa anayetaka kwenda, kwanza, kama unachukua gari la kampuni, hakikisha neno "ukuta" limetamkwa na muda wake umetengwa; saa moja haitoshi, sisi tulikaa karibu saa tatu. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, mashamba yakiwa wazi. Wakati wa mvua majani yatakufichia kila kitu. Viatu vya kufunga. Mpe mwongozaji chochote juu ya kiingilio, anastahili kuliko unavyodhani, na kama kuna mzee amekaa pembeni, msalimie vizuri.

Njia tuliyopita sikuona kibao kinachosema hapa ni ukuta, usichimbe, usichote udongo. Natamani kiwepo, hata cha mbao, na wanafunzi wa shule za jirani wawe wanaletwa kwenye tuta kabla ya kuletwa kwenye fuvu.

Tukiwa tunasubiri daladala, mwanangu alichora mstari vumbini kwa kijiti, akaweka vijiwe juu yake. Mzee akauangalia, akahamisha kijiwe kimoja. "Hapa ulipinda," akasema. Mwezi ujao tunakwenda Mlambalasi.