Keni ya Kamukunji na mbao za Gikomba: wikendi moja ya kununua, kukarabati na kupanda

Wiki sita zimepita tangu niliponunua keni ya kunyunyizia maji kwa fundi mmoja wa Kamukunji, soko la mafundi wa bati jijini Nairobi, na kwa kuwa imejazwa na kumiminwa asubuhi na jioni muda huo wote, naona sasa ninaweza kuizungumzia kwa haki. Haivuji popote, mpini haujalegea, na kichwa chake chenye matundu bado hutoa maji membamba yasiyofukua mbegu. Niliinunua Jumamosi ya pili ya Januari, katika wikendi niliyoitenga kwa kazi tatu zilizokuwa zikinisumbua tangu mvua za vuli: mlango wa jikoni uliokuwa ukiburura sakafu, mfereji uliodondosha maji usiku kucha, na kiwanja kidogo cha nyuma ya nyumba ambacho nilitaka kukipanda mboga. Nyumba yenyewe iko Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, kwa hiyo milango na mifereji yake ina umri wa watu wazima na huhitaji kuangaliwa hivyo.

Keni ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa ya plastiki, niliyoinunua katika duka moja kubwa la jijini. Ilipendeza machoni, lakini jua la miezi michache liliikausha ikawa kama ganda la yai, ikapasuka pale shingo inapoungana na tumbo, mahali ambapo hapana gundi inayokubali kushika. Niliirudisha dukani nikaambiwa kwamba vitu vya bustani havina dhamana. Ndipo nilipoamua kwamba safari hii nitanunua kitu ambacho kikiharibika yupo mtu wa kukitengeneza, na kwamba vifaa vingine vya wikendi hiyo, kadiri itakavyowezekana, viwe vimekwisha kufanya kazi nyingine kabla ya kufika kwangu.

Nilipanda matatu ya mapema kupitia Barabara ya Jogoo, nikashuka Muthurwa na kutembea. Mlio wa nyundo juu ya bati ulianza kunifikia nikiwa bado karibu na kituo cha mabasi ya Machakos. Januari ni msimu wa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, na pande zote yalikuwa yamepangwa juu kwa juu, meusi na ya buluu, rangi yake ikinuka bado. Jina la jua kali, ambalo mafundi hawa huitwa, lilitokana na kazi ya namna hii inayofanywa nje bila paa. Rais Moi aliwatembelea mafundi wa hapa mwaka 1985 na kuahidi kuwajengea vibanda, lakini wengi wa wale niliozungumza nao siku hiyo walikuwa wameketi palepale juani, kipande cha reli ya gari la moshi kikiwa ndicho fuawe yao. Ninalitaja hilo kwa sababu mteja anayelalamikia bei ya shilingi 700 kwa keni angefaa kwanza asimame pale kwa saa moja, saa sita mchana.

Nilipita kwa mafundi watatu kabla ya kumpata niliyemtaka. Wawili wa kwanza walikuwa na keni zilizokwisha kutengenezwa, nyepesi mno, ambazo ukizibonyeza kwa kidole gumba zinaingia ndani. Wa tatu, mzee wa makamo aliyekuwa akikunja ukingo wa karai, nilimwamkia nikamuuliza bati lake ni la geji ngapi.

"Hizo za mbele ni geji 30, mama," akasema. "Zinauzika haraka kwa sababu ni rahisi. Ukitaka ya kukaa, subiri nikukatie ya 28."

Kwa asiyefahamu, namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama keni itabonyea siku ya kwanza itakapoanguka. Nilikubali kusubiri, na kusubiri huko ndiko kulikonifundisha ninacholipia. Alikunja kingo mbili za bati zikaumana kama vidole vya mikono miwili, akazigonga juu ya reli hadi zikalala, kisha ndipo akaupitishia mshono lehemu. Keni zinazovuja mapema, alinieleza, ni zile ambazo lehemu imepewa kazi ya kushikilia bati, ilhali kazi yake ni kuziba tu na kinachoshikilia ni mkunjo. Katika ukingo wa mpini alifungia waya mnene ndani ya bati, ili lita 10 za maji zisinikate kiganja. Matundu ya kichwa aliyatoboa kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, kila moja kwa pigo moja, na aliponiona nikiangalia akaniambia kwamba ukitoboa kutoka nje, vinundu vya bati hubaki ndani na kukamata kila takataka inayopita.

Alipomaliza aliijaza maji, akachukua vumbi kavu la chini na kulipaka kando ya mshono wote. Tulingoja. Vumbi lilibaki jeupe isipokuwa mahali pamoja chini ya shingo, ambapo palionekana doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Akamwaga maji, akapakausha kwa kitambaa, akaongeza tone la lehemu, akajaribu tena. Sikuwa nimeliona doa lile mwenyewe, na angeweza kunikabidhi keni hiyo nikaenda zangu. Alikuwa ameanzia shilingi 900, tukakubaliana 700, na kwa kazi niliyoiona sidhani kwamba nilipaswa kushindana naye zaidi ya hapo.

Gikomba iko umbali wa kutembea kutoka hapo. Soko hili, ambalo hutajwa kuwa kubwa kuliko yote ya mitumba katika Afrika Mashariki, limeungua mara nyingi na kila mara wafanyabiashara wake wamerudi na kujenga upya, na sehemu yake ya mbao huwashangaza wanaodhani hapo huuzwa nguo tu. Nilitaka mbao kuukuu za kutengenezea rafu ya miche. Zilizotolewa kwenye paleti za mizigo ni kavu, zimenyooka na bei yake ni nafuu, lakini ni lazima uzigeuze na kutafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake ni kwamba mbao zilipashwa joto ili kuua wadudu, nazo hazina tatizo. Herufi MB maana yake ni kwamba zilifukizwa gesi ya methili bromidi, na hizo mimi siziweki karibu na chakula. Muuzaji wangu alizijua herufi hizo vizuri, akanichagulia mwenyewe. Angalia pia unga mlaini unaodondoka kwenye vitundu vidogo ukiugonga ubao, kwa sababu huo ni ushahidi kwamba wadudu bado wamo, na ukizipeleka nyumbani watahamia kwenye fremu za milango. Nilizikatisha palepale kwa urefu wa futi 4, na hilo ndilo lililoniwezesha kuzisafirisha kwa matatu badala ya kukodi pikapu. Kabla ya kuondoka nilinunua pazia kuukuu la wavu kwa shilingi 80, nalo limenifaa kuliko nilivyotarajia, kama nitakavyoeleza.

Kosa la siku hiyo lilikuwa bawaba. Nilizinunua haraka kwenye kibanda kimoja njiani, jozi ya inchi 4, bila kuzifungua na kuzifunga hata mara moja. Nyumbani niligundua kwamba pini ya moja ilikuwa imepinda na matundu yake ya skrubu hayakulingana. Bawaba hujaribiwa kwa mkono: ifungue, ifunge, itikise ubavuni, na ikicheza iache. Nililazimika kuzirudia bawaba za zamani, nikazinyoosha kwa nyundo na kuzipaka mafuta, na kusema kweli chuma chake ni kizito kuliko cha hizo mpya. Ugonjwa wenyewe wa mlango haukuwa bawaba bali matundu yaliyopanuka katika fremu, skrubu zikawa zinazunguka bila kushika. Nilichonga vijiti kutoka kwenye vipande vya mbao zangu za Gikomba, nikavipaka gundi ya mbao, nikavipigilia ndani ya matundu, nikaacha vikauke usiku kucha, na asubuhi nikafunga skrubu upya. Chini ya mlango nilipitisha randa kidogo sana, kwa kufuata alama ambayo mlango ulikuwa umejichora sakafuni wakati wa vuli. Januari mbao huwa zimesinyaa, na anayezichonga kwa kupima macho hubaki na mwanya unaopitisha panya.

Mfereji haukuchukua nusu saa. Nilifunga maji kwenye valvu kuu, nikafungua kichwa cha mfereji, nikatoa washa ya mpira iliyokuwa imeliwa upande mmoja, nikaweka mpya ya nusu inchi. Kwa wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetumia duara nililolikata kutoka kwenye tyuba kuukuu ya baiskeli, nalo linafaa kwa dharura tu, kwani ni laini na hukandamizwa haraka.

Jumapili yote ilikuwa ya bustani. Msingi wake ni magunia matatu ya kilo 90 yaliyokuwa na mahindi, ambayo jirani yangu alikuwa karibu kuyatupa. Siri ya gunia ni nguzo ya mawe katikati. Unachukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililokatwa juu na chini likawa kama bomba, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, kisha unajaza mchanganyiko wa udongo na samadi kuzunguka. Udongo ukifika karibu na mdomo wa kopo unalivuta juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama, unajaza tena, hivyo hivyo hadi juu. Maji yakimiminwa kwenye nguzo hushuka na kusambaa kila upande, hata kwa miche ya ubavuni. Nimeona watu wakiiruka hatua hii ili kuokoa muda, na matokeo yake ni gunia ambalo juu ni tope na chini ni kavu kabisa. Ubavuni nilitoboa matundu kwa kupishanisha, nikapanda sukuma wiki, na juu nikapanda managu na spinachi. Magunia yote matatu yamechukua eneo ambalo meza ya chai ingelijaza.

Mitungi miwili ya lita 20 niliikata kwa urefu, nikaitoboa chini, nikaiweka kwenye rafu ya paleti kwa ajili ya dania na vitunguu vya majani. Pazia la wavu nililitandaza juu ya miche kwa wiki mbili za kwanza. Lilizuia ndege na kupunguza ukali wa jua la mchana, na kati ya miche 40 niliyopanda nilipoteza 3 tu. Tairi kuukuu lililokuwa uani nimelipanda maua peke yake, kwa sababu mpira wa tairi una madini na kemikali nisizotaka zifike kwenye mboga. Kwa sababu hiyohiyo sikununua pipa la lita 200 nililooneshwa Kamukunji kwa bei nzuri, kwani muuzaji hakujua lilibeba nini na harufu yake ilikuwa kali. Atakayenunua pipa aulize historia yake. Na kama lilibeba petroli au kiyeyushi chochote, asithubutu kulikata kwa moto, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kwa jumla ya shilingi 1,900 hivi, nauli ikiwemo, nilipata keni, mbao, pazia, samadi na miche, pamoja na zile bawaba nisizozitumia. Upungufu wa manunuzi ya namna hii ni kwamba hupewi risiti, njia ni nyembamba na zenye tope mvua ikinyesha, na Jumamosi baada ya saa nne mafundi hawana tena nafasi ya kukueleza kitu. Nenda mapema, beba futi ya kupimia, na mweleze fundi kazi itakayofanywa na kitu hicho kabla hujamuuliza bei. Keni ya bati nayo inahitaji kutunzwa: isilale na maji ndani, na ikimaliza kazi itundikwe kichwa chini ili kutu isipate mahali pa kuanzia.

Jirani aliyenipa magunia sasa anataka keni kama yangu, nami nimemwandikia vipimo kwenye karatasi ili asiuziwe zile za mbele: lita 10, geji 28, mshono wa kukunja, waya ndani ya mpini, matundu yatobolewe kutoka ndani, na asiondoke kabla haijapakwa vumbi.