"Ni Panya Tu Yule, Mzee": Uzoefu Wangu na Guardians of the Galaxy Vol. 3

Sijapata kutoka katika jumba la sinema nikiwa na hasira na majonzi kwa pamoja kama nilivyotoka jioni moja ya masika ya mwaka 2023, hapa hapa Mombasa. Jumba lenyewe sitalitaja jina. Nitaeleza tu nililotendewa, kwa sababu limenikaa kooni, na kila nikijaribu kuizungumza filamu hii najikuta nimerudi kwenye jambo hilo hilo.

Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Filamu ya kwanza, ile ya mwaka 2014, tuliitazama pamoja sebuleni kwa mama yangu, Likoni, naye akiwa mtoto wa miaka minane aliyenikalia mapajani na kuniuliza kila baada ya dakika moja kwa nini yule mnyama mdogo mwenye bunduki ana hasira kiasi kile. Ya pili ilipotoka mwaka 2017 alikuwa ameshaanza kuona haya kukaa karibu nami. Hii ya tatu, ambayo mwongozaji James Gunn alikwisha kusema kwamba ndiyo atakayofungia hadithi ya Guardians, lile kundi la mashujaa wa angani, ilimkuta amemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda chuo. Akaniambia, "Mjomba, hii ya mwisho tusiitazame kwenye simu." Basi tukavuka feri siku hiyo mvua ikitupiga, tukafika tumelowa, tukanunua tiketi mbili na bisi, tukaketi.

Asiyeifahamu trilojia hii aelewe jambo moja. Yule mnyama, Rocket, ni rakuni, mnyama mdogo wa Amerika Kaskazini, aliyepasuliwa na kuungwa upya, akatiwa vyuma mwilini na akili kichwani bila ya yeye kuulizwa. Katika filamu ya kwanza kuna mahali analewa na kulia kwa uchungu kwamba wenzake humwita mnyama mchafu, ilhali yeye hakuomba kuumbwa hivyo. Kwa miaka tisa sisi watazamaji tulikuwa tukingoja kuambiwa ni nani aliyemfanyia yale, na filamu hii ya mwisho ndiyo inayoeleza. Rocket anajeruhiwa mwanzoni kabisa, wenzake wanahangaika kuitafuta namna ya kumwokoa, na wakati wao wanapigana yeye amelala akiyaota maisha yake ya utotoni ndani ya kizimba. Humo alikuwa na marafiki watatu: Lylla, fisimaji aliyewekewa mikono ya chuma, Teefs, mnyama mnene wa bahari ya baridi aliyetiwa magurudumu, na Floor, sungura aliyeungwa miguu ya chuma mfano wa buibui. Walijichagulia majina wenyewe, wakiwa wamelala chini na kuitazama dari, wakiahidiana kwamba siku moja wataiona mbingu.

Mtesaji wao, High Evolutionary, anaigizwa na Chukwudi Iwuji, mzaliwa wa Nigeria, na kwa haki ya Mungu mtu huyu ameigiza. Nimeona maadui wengi wa filamu za mashujaa, wengi wao wakiwa ni kelele na mwanga tu, lakini huyu ananitisha kwa sababu anaamini kwamba anafanya wema. Anatafuta jamii kamilifu, na mara Rocket anapomtatulia tatizo ambalo yeye mwenyewe lilimshinda, badala ya kufurahi anaona wivu, akaamua kuuchukua ubongo wa mnyama yule na kuwaua wenzake wote.

Sasa ndipo ninapofika kwenye machungu yangu. Rocket amejitengenezea ufunguo, amekifungua kizimba cha Lylla, na Lylla anapigwa risasi mbele ya macho yake. Wakati huo huo, hapo hapo, sauti ikakatika.

Picha iliendelea. Nilimwona Rocket amefungua mdomo, nikajua kwamba analia, ila nilichokisikia ni mngurumo wa kiyoyozi na mtu wa nyuma yangu akitafuna. Tulidhani ni kitu cha sekunde chache. Watu wakapiga miluzi, kijana mmoja akaenda kuwaita wahusika, na filamu ikazidi kusonga mbele bubu, Rocket akimrukia yule mtesaji usoni, Teefs na Floor wakiuawa, yeye akitoroka peke yake. Sauti iliporejea yote hayo yalikuwa yamekwisha kupita. Mpwa wangu hakusema neno. Alikuwa ameishika ile karatasi ya bisi mpaka imekunjamana.

Nilitoka nje. Nilimsalimu kijana aliyekuwa mlangoni, nikamweleza kwa upole kabisa kwamba sauti ilikatika katika sehemu ambayo filamu nzima imeegemea, na nikamwomba wairudishe nyuma kidogo, jambo ambalo kwa mitambo ya siku hizi si kazi ya kuvunja mlima. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Ni panya tu yule, mzee. Rudi ndani, mambo mazuri yako mbele."

Ni panya tu yule! Nilisimama pale nikiwa sina la kujibu. Katika mji huu mtu akijikwaa njiani, asiyemjua humwambia pole. Kikombe kikikuponyoka mwenyewe utaambiwa pole. Mimi sikudai fedha, wala sikupaza sauti. Ningeambiwa pole ningerudi kitini nikiwa nimeridhika. Badala yake nilipewa tusi lile lile ambalo mnyama yule amekuwa akitupiwa tangu filamu ya kwanza, na likatolewa na mtu ambaye kazi yake ni kutuuzia hadithi yake.

Niliporudi ndani nilikuwa siitazami filamu tena, naitafutia makosa. Niliona kwamba Adam Warlock, yule mtu wa rangi ya dhahabu mwenye nguvu za ajabu, ametiwa humo kama mgeni aliyekuja arusini bila kadi. Niliona kwamba ile sayari ya wanyama waliogeuzwa watu inateketezwa, kisha wahusika hawakai kuomboleza hata kidogo. Mambo hayo niliyasema kwa siku nyingi kwa kila aliyeniuliza, nikiwaambia wasipoteze fedha zao.

Sikuwa nimeitendea haki. Baada ya wiki mbili hivi, nikiwa nimeapa kwamba sitakanyaga tena pale, nilikanyaga, peke yangu, mchana wa siku ya kazi, ukumbi ukiwa nusu tupu. Sauti ilikuwapo. Nilikisikia kile kilio cha Rocket juu ya mwili wa Lylla, na ndipo nilipoelewa kwa nini baadaye, anapokuwa na nafasi ya kumuua yule mtesaji, anakataa. Nilielewa pia uzito wa pale anapoingia kuwaokoa wanyama waliofungwa katika meli ya angani ya mtesaji huyo na kuwakuta watoto wa rakuni kizimbani, pamoja na maandishi ya jina la jamii yao, yeye ambaye miaka yote alikuwa akikana kuwa rakuni. Baada ya hapo analitamka jina lake kamili, Rocket Raccoon, kwa sauti ya kiumbe asiyeona haya tena. Groot naye, mwenzake aliye kama mti unaotembea, ambaye siku zote husema maneno yale yale matatu, anawaambia wenzake kwamba anawapenda, na sisi tunamwelewa kana kwamba amekuwa akisema hivyo muda wote. Nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Kwa hiyo nasema sasa kwamba ni filamu bora kuliko mbili zilizoitangulia, na ninayarudisha yote niliyowaambia watu, isipokuwa lile la Adam Warlock. Kuhusu jumba lile sirudishi hata neno moja. Mpwa wangu alikuwa ameshakwenda Nairobi kuanza masomo, hivyo nilimpigia simu jioni ile nikamwambia nimekisikia kilio. Akaniuliza, "Kilikuwaje, mjomba?" Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, nikamwambia akija likizo tutaitazama tena sebuleni kwa bibi yake.